Nalalia Mto Mmoja

Mikono yake ilikuwa na joto, na hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Wenzake saba waliomtangulia asubuhi ile walinigusa kwa vidole vya barafu, wakaniomba radhi, tukacheka. Yeye alisimama kwenye sinki, akaacha maji ya moto yapite viganjani, akavikausha, akavisugua, huku Profesa akiitazama saa ya ukutani.

"Ukimaliza kuoga utuambie," Profesa alisema.

Wanafunzi waliokaa nyuma wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Walimwita Kimya. Mimi waliniita Mama Mluzi, kwa sababu vali moja ya moyo wangu haifungi sawasawa, na damu inaporudi nyuma hupiga mluzi ambao hata mwenye nta masikioni anausikia. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mgonjwa wa mtihani. Kila mwisho wa mwaka chuo cha udaktari kiliniita, nikavaa gauni la kufungwa mgongoni, nikapanda kitandani, nao wakapita mmoja mmoja na stetoskopu zao.

Nilikuwa na saluni, na saluni yangu ilikuwa haipungui watu. Wiki nzima kabla ya mtihani wanafunzi walijazana humo, wengine hawana hata nywele za kusuka, wanakunywa chai na kuniambia nani kamwacha nani. Niliowapenda niliwapa ishara. Nikigusa bangili, weka stetoskopu hapo hapo. Nikitazama dirisha, mluzi unaelekea kwapani. Kuna madaktari mjini niliowazaa kwa bangili ile.

Kimya hakuwahi kuja. Mara moja tu, kwenye benchi la korido, alikaa kando yangu akasema polepole, "Mama, mimi usinipe ishara. Nataka kusikia mwenyewe."

Nikamwambia sawa, mwanangu. Kisha nikamtangaza. Kwamba ameshafeli mara mbili, kwamba hii ndiyo ya mwisho, akianguka anavua koti jeupe na kwenda kwao. Kufikia siku ya mtihani hata mfagizi alikuwa anajua, na mdomo uliompa habari hizo ni huu.

Profesa alikuwa na mtindo wake: kabla ya moyo, mwanafunzi amweleze mgonjwa jambo moja kwa maneno ya nyumbani. Kimya akaangukiwa na swali la neva.

"Mama," alisema, akinishika dole gumba la mguu juu ya soksi, "nikikufinya hapa, seli ya neva inashtuka. Umeme unakimbia kwenye mkia wake mpaka mwisho. Pale mwisho kuna pengo dogo, seli haigusani na jirani yake. Kwa hiyo inamwaga kemikali kidogo, jirani anaipokea, anashtuka naye, anapitisha mbele. Mpaka kichwani."

"Kumbe umbea," nikasema.

Chumba kikaangua kicheko. Kimya akasubiri kitulie.

"Ndiyo, Mama. Ila neva haiongezi chumvi."

Safari hii walicheka kunizidi, na walikuwa wananicheka mimi. Hata Profesa alitabasamu. Nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni.

Akaanza kazi. Alishika mapigo ya mkono, akabana kucha yangu mpaka ikawa nyeupe, akaiachia na kutazama damu inavyorudi. Akaukazia macho mshipa wa shingo. Akasikiliza moyo nikiwa nimelala chali, halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwa miaka yote ile.

"Geukia ubavu wa kushoto, Mama."

Akageuza stetoskopu kwenye upande wake mdogo, akaiweka kwa wepesi, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Mluzi upo, unaelekea kwapani," alisema. "Lakini baada ya pigo la pili kuna sauti nyingine. Ya tatu, nzito, ya chini. Na mshipa wa shingo umejaa." Akaniinamia. "Mama, ukilala unalalia mito mingapi?"

Nilikuwa na wiki sita nalalia mitatu. Nikipunguza mmoja tu, pumzi ilinikaba kama niko kisimani. Soksi ndefu nilizovaa zilikuwa zinaficha miguu iliyovimba.

"Mto mmoja," nikasema. "Mwembamba."

"Naomba tuvue soksi."

"Soksi zangu hazimo kwenye mtihani wako, binti."

Kicheko kingine, changu hicho. Stetoskopu ya Profesa ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Hakuigusa.

"Moyo huu naujua tangu hujajua kuandika jina lako," alimwambia. "Karatasi yangu ya majibu ina mluzi. Haina sauti ya tatu."

"Nimeisikia, Profesa."

"Sasa nani anaongeza chumvi?"

Kimya alinifunga kamba za gauni, akanifunika shuka mpaka kifuani, akasema, "Wahi kumwona daktari, Mama." Akatoka.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilidanganya kwa kuogopa kupoteza kitanda changu, kwa kuwa moyo ukibadilika chuo kinatafuta mwingine. Inasikika vizuri. Ukweli ni kwamba ile chumvi ilikuwa bado inaniwasha.

Wiki nne baadaye nilianguka saluni, kitana mkononi. Wodini alinipokea mmoja wa watoto wangu wa bangili, koti jipya linang'aa. Akanisikiliza, akaufurahia mluzi, akaandika, akaondoka. Ni nesi mzee aliyenivua soksi. Waliponipeleka kwa daktari wa moyo, sauti ya tatu ikaingia kwenye faili: moyo umechoka, hausukumi damu sawasawa. Profesa alikuja kunijulia hali, akaisoma, akalifunga faili taratibu. Nilisubiri amtaje Kimya. Hakumtaja. Nami sikumtaja.

Habari zake zilinifikia kwa njia ileile, kinywa hadi kinywa: anauza viatu, duka la kona karibu na posta. Nikaenda, msamaha nimeupanga mdomoni. Duka lilikuwa limejaa. Nikaona haya, nikaomba viatu vyeusi, namba thelathini na tisa.

Alipiga magoti mbele yangu. Mikono yake ilikuwa bado na joto. Alishusha soksi yangu bila kuuliza, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo, akakiondoa, akatazama, midomo yake ikihesabu.

"Mito mingapi sasa?"

"Minne."

Msamaha nao ukakwama palepale. Akapandisha soksi.

"Thelathini na tisa itakubana kufikia jioni," alisema. "Chukua arobaini na moja, Mama."

Akaniwekea boksi miguuni, akaenda kwa mteja mwingine. Niliishusha soksi tena nikatazama. Alama ya gumba lake ilikuwa haijajaa.