Kibali cha Njia ya Msalaba

Hii ilikuwa Ijumaa ya tatu Wangeci kukalia benchi lile lile la ofisi ya serikali mjini Nakuru, akitafuta kibali cha sala. Ya kwanza aliambiwa alete majina ya watakaosali. Ya pili, alete sala zote zimeandikwa kwa Kiswahili, maana tangu Mwingereza atangaze Emajensi, ile hali ya hatari, nyimbo za Kikikuyu zilikuwa marufuku kwenye mashamba ya walowezi. Watu zaidi ya watano wakikusanyika bila kibali, ni jela. Hata kumwomba Mungu, jamani!

Mumewe Thuo alikuwa katekista, mwongoza sala wa kambi ya wachuma maua ya pareto. Askari walimchukua mwaka jana, na tangu siku hiyo Njia ya Msalaba, sala ya vituo kumi na vinne vya mateso ya Yesu, haikusaliwa tena pale. Thuo akiwa amepakiwa lorini, Wangeci alimwahidi kwamba Kwaresima haitapita hivi hivi. Sasa Ijumaa Kuu ilikuwa wiki ijayo.

Karani Ogola alivaa miwani, akashika kalamu nyekundu.

“Kituo cha kwanza. Yesu anahukumiwa afe. Na nani?”

“Na Pilato.”

“Pilato ni nani?”

“Karani, si hata wewe ni Mkristo?”

“Nimeuliza, ni nani?”

“Gavana wa Warumi.”

“Gavana! Toa hiyo.” Akakata.

Cha tano, Simoni analazimishwa kubeba msalaba. “Kazi ya lazima? Toa.” Cha nane, wanawake wanalia. “Wanalia nini, mama? Toa.” Cha kumi, askari wanamvua Yesu nguo, cha kumi na moja, wanampigilia misumari. Hapo Ogola hakuuliza kitu. Alivikata vyote kwa mstari mmoja.

“Basi niambie, ameuawa na nani?” Wangeci alifoka.

“Mama, usinitafutie maneno. Alikufa, basi.” Akagonga muhuri.

Njia nzima ya kurudi alitamani kuichana karatasi ile. Siku tatu za kazi zimepotea, na hiki ndicho alichopewa: msalaba usio na mwenye kosa!

Jioni hiyo hiyo watu arobaini walimngoja kambini. Thuo alikuwa amechomeka vijiti kumi na vinne kando ya vibanda, kimoja kwa kila kituo, na bado vilikuwepo. Askari Kiptanui alikuja na nakala ya kibali, aangalie wasizidishe neno.

Kwenye kijiti cha kwanza Wangeci alipiga magoti, akanyamaza. Wote wakapiga magoti. Nani kati yao asiyejua kilichotokea pale? Cha pili alisoma kama kawaida. Cha tano, kimya tena. Cha nane wanawake walilia, machozi tu, bila sauti.

“Mbona mnanyamaza hapa?” Kiptanui aliuliza.

“Hapa tumekatazwa kusema, afande. Soma karatasi yako. Kama kunyamaza nako kumekatwa, tuonyeshe.”

Kiptanui aliisoma mbele na nyuma, akaikunja, akatangulia mbele.

Walipofika cha kumi, kile cha askari, walimkuta amesimama palepale kwenye kijiti, bunduki begani. Watu arobaini wakapiga magoti mbele yake, wakamtazama, wala hakuna aliyefungua mdomo. Kiptanui ndiye aliyeinamisha macho.