Mahali pa Sabina

Gari lilimshusha Luhende mbele kidogo ya Busisi, akapanda kilima kwa miguu, jiwe la kusagia la marehemu mkewe, Sabina, limefungwa kwenye kanga begani. Ni lile dogo, la mkononi. Kwa kina Sabina, binti aliyeolewa mbali akifa, mumewe hulipeleka jiwe lake kwenye nyumba ya matambiko ya ukoo, akalichomeka kwenye tundu la ukuta kando ya jiwe la mama yake. Bila hivyo huyo binti hajafika kwao. Luhende alikuwa amechelewa miaka miwili, kwa uchungu na kwa hasira.

Juu palibaki magofu tu: kuta za mawe zisizo na paa, uzio wa waya, na mtunzaji, mwanamama aitwaye Teodora, kakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Natafuta mahari pa mke wangu."

Teodora akacheka. "Mahari, mzee? Ndiyo kwanza unaoa, au wanakurudishia ng'ombe?"

Ulimi wa Luhende haukujua kutenganisha l na r tangu utoto. Sabina alikuwa akimtania hivyo hivyo.

"Mahari nilishatoa," akasema polepole. "Sasa nataka pa kumweka." Akafungua kanga.

Kicheko kikamkauka Teodora. "Pole, baba. Ila matundu ni matupu. Wakubwa walikuja na lori, wakayabeba mawe yote kwenda kuyahifadhi mjini. Sasa yana namba."

"Na la mama yake?"

"Yote, baba."

"Hao hao," Luhende akasema. "Zahanati wakaizindua kwa ngoma, dawa hawakuleta. Sabina kanifia pale kwenye benchi, anauliza kama daktari kashafika. Leo mawe ya wafu nayo yamewakosea nini?"

Teodora aliinuka kitini. Alimfungulia geti.

Luhende akalichomeka jiwe kwenye tundu. Likaenea sawasawa. Akabaki kaliwekea kiganja.

"Jumatatu wanakuja kukagua," Teodora akasema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Wakilikuta watalitupa. Watasema hili si la kale."

"Si la kale," Luhende akarudia. "Kasagia uji wa wanangu wote."

Alisimama mpaka jua likamchoma kisogo. Kisha akalitoa, akalifunga upya.

"Kwenu hakuna mtu, Sabina," akaliambia. "Ningekuacha na nani?"

Akashuka nalo, amelikumbatia.