Mzizi wa Mama Ngosa

Kidonda cha Adalbert, dereva wa lori, kilianzia mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori. Alikuwa akishuka kutoka juu ya mzigo, chuma cha turubai kikamchana ugoko. Akafunga kitambaa, akanunua vidonge kwa mchuuzi wa barabarani, akameza mpaka maumivu yakapoa, kisha akaacha. Aliporudi nyumbani Naviundu, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na ulikuwa unanuka.

Mkewe, Wivine, alikuwa mfamasia. Katika maabara ya chuo alichunguza mimea ya msituni, akitafuta ndani yake kitu cha kuua vijidudu vilivyozishinda antibiotiki. Alikuwa amevizoea vijidudu hivyo kwenye visahani vya kioo. Sasa vilikuwa kwenye mguu wa mume wake.

Hospitalini dawa ya kwanza haikufaa. Ya pili nayo haikufaa. Ndipo Ngosa, mama yake Adalbert, akafika kutoka Sakania, amebeba mzizi ndani ya mfuko wa plastiki. Wivine aliutambua mara moja. Ulikuwa wa mti uleule aliokuwa akiuchunguza, na Ngosa mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mti huo, mwaka Wivine alipoolewa.

"Nitasaga, tutamutia pa kidonda," Ngosa alisema.

"Hapana, mama. Tafadhali."

"Shi ni weye uliniombaka huu muti? Juu ya nini sasa unakataza?"

Wivine akamshika mkono. Akampeleka maabara.

Alimwonyesha kisahani alichopandia vijidudu kutoka kwenye kidonda cha Adalbert. Vilikuwa vimetanda kama ukungu, isipokuwa mahali alipodondosha maji ya mzizi. Hapo palikuwa na duara safi kabisa.

"Hapa vimekufa, mama."

Ngosa akapiga makofi. "Ee Mungu wangu! Basi twende, mutoto iko anateseka!"

"Ngoja. Angalia na hapa." Wivine akamsogeza kwenye hadubini. "Hizi ni chembe za ngozi ya mtu. Nilizitilia maji yaleyale, nazo zikafa. Ndani ya mzizi mna vitu vingi. Kimoja kinaua kijidudu, kingine kinaunguza nyama. Bado sijaweza kuvitenganisha."

Ngosa akainua kichwa polepole. "Batoto bote nilibatiaka hii dawa. Nilikuwa nabaunguza?"

"Sijui, mama. Wewe uliichemsha, ikawa nyepesi, na vilikuwa vidonda vidogo. Cha Adalbert kimeshuka karibu na mfupa. Kama ningejua, ningemtia mimi mwenyewe." Machozi yakamtoka. "Sijui tu."

Walirudi hospitalini, Ngosa akiwa bado na mfuko wake.

Asubuhi iliyofuata daktari alisema imebaki dawa moja ambayo vijidudu bado vinaiogopa. Ingeingizwa kwa mshipa, na ingeweza kuumiza figo. Wivine akatoka kwenda kuitafuta, akazunguka maduka ya dawa mjini hadi akaipata karibu na mtaa wa Golf. Njiani kurudi akaongeza mwendo: alikuwa amemwacha Ngosa peke yake na mgonjwa, na ule mfuko.

Alipofungua mlango, Ngosa alikuwa ameinama juu ya beseni. Wivine akasogea haraka. Ndani mlikuwa na maji ya uvuguvugu tu. Mama alikuwa akimwosha mwanawe miguu, kidole kwa kidole, akipita mbali na bandeji, na Adalbert alikuwa amelala usingizi kama mtoto.

"Nilisaga muzizi, nikakuwa na bunga yake mu mukono," Ngosa alisema bila kugeuka. "Nikakumbuka vile ulilia kule mu labo. Nikasema, huyu mwanamuke anamupenda sawa mimi. Nikarudisha mu mufuko."

Wivine akapiga magoti kando yake, akaloweka kitambaa, akaanza kuosha mguu mwingine.

Dawa ilifanya kazi. Homa ilishuka kwanza, uvimbe ukafuata, na figo zikastahimili. Adalbert alitoka hospitalini kwa magongo, na shimo kwenye ugoko ambalo halitajaa tena. Lori akaliacha.

Lakini Wivine hakuacha kuwaza juu ya mgonjwa atakayekuja siku ambayo hata dawa ile itashindwa. Mvua zilipokwisha, yeye na Ngosa walienda msituni kuchimba mizizi mingine. Adalbert aliwasubiri barabarani, akichoma mahindi.

"Hii kazi yako itaisha siku gani?" Ngosa aliuliza, akikwangua udongo.

"Labda miaka mingi, mama."

"Basi mimi sitaona."

"Labda hata mimi."

Ngosa akacheka. "Usikate ule mukubwa. Ukiukata, muti unakufa. Kamata ya pembeni, kisha urudishe udongo."

Wakarudisha udongo pamoja, wakaushindilia kwa viganja. Kutoka barabarani Adalbert akawaita: mahindi yalikuwa tayari.