Fomu ya Kumi na Tano

"Kituo cha kumi na nne," Salvina alisoma. Mama yake, Hilaria, akaitoboa karatasi na kuipachika kwenye faili. Kisha wakatazamana. Ya kumi na tano haikuwepo.

Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kufungua kesi mahakamani, Moshi mjini. Hilaria alitangazwa kushindwa udiwani kwa kura thelathini na moja, na watu wa kituo cha kumi na tano waliapa kwamba kura zake zilipungua njiani. Lakini nakala ya fomu ya matokeo ya kituo hicho alikabidhiwa wakala wake Damian, mdogo wa marehemu mumewe, naye alituma kusema imepotea. Kabla ya hapo, usiku wa matokeo, Hilaria alikuwa amemwita mlevi mbele ya watu, kilabuni kwenye pombe ya mbege. Hawakuwa wamesalimiana tangu usiku huo.

"Hodi!"

Damian alisimama mlangoni, amelowa mvua, mkononi ameshika jani la isale.

"Shikamoo, baba mdogo," Salvina alisema haraka.

Hilaria akashusha pumzi. Angekuja mikono mitupu, angemfukuza mpaka barabarani. Lakini Mchagga akiletewa isale kuombwa radhi, hakatai.

"Na nisipolipokea, shemeji?"

"Nitasimama hapa mpaka ndizi zako ziive. Pokea kwanza, ndipo unitukane."

Salvina akacheka. Hilaria akalipokea huku bado anachemka. Hapo Damian akatoa kifuani mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi yenye harufu ya moshi.

"Haikupotea. Niliificha darini. Siku ya kura nilikunywa chai tu, shemeji, nawe ukaniita mlevi. Nikasema na wewe uumie kidogo. Kumbe hicho kidogo ndicho udiwani!"

Hilaria aliifungua, akasoma kura zake. "Mia mbili na kumi na nne!"

Salvina akapekua tangazo la matokeo. "Wao walisoma mia moja ishirini na nne. Tisini, mama! Tisini!"

Wakakumbatiana, wakaruka, benchi likapinduka.

"Nilikuonea, shemeji," Hilaria alisema, akipangusa macho. Akashika mashine ya kutobolea.

"Usiitoboe!" Damian akamdaka mkono. "Wakili aione ilivyo. Nile kiapo mbele yake kwanza."

"Anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Saa kumi na mbili nitakuwa hapa nakugongea."

Hilaria akairudisha fomu kwenye mfuko wake wa nailoni. Faili akaliacha wazi mezani, na pale palipobaki pengo akalaza jani la isale.