Zamu ya Krismasi

"Mwaka huu usinitegemee," Ustadhi alisema, huku anasukuma sepetu la mbao mpaka ndani kabisa ya tanuri, kama mtu anayesema tu kwamba leo kuna joto.

Masizi alikuwa anapanga mikate mibichi kwenye trei. Mkono ukasimama hewani, unga unadondoka.

"Nisikutegemee kwa lipi?"

"Krismasi. Siji. Nina shughuli."

"Shughuli gani, wewe, Krismasi?"

"Shughuli yangu."

Tanuri la pale lilikuwa la matofali, la kizamani, na lilikuwa halizimwi. Waliolijenga walishakufa, na ufa uliokuwa ubavuni mwake ulikuwa mkongwe kuliko wafanyakazi wote. Likiwa la moto, matofali yanavimba na ufa unajibana wenyewe. Likipoa, unafunguka. Kwa hiyo kila jioni makaa yanafukiwa kwenye jivu, na kila asubuhi, iwe siku ya kazi au sikukuu, lazima mtu aje ayafukue na kuyalisha kuni. Tangu walipoanza kazi wawili hawa waligawana zamu za sikukuu bila kuandikiana wala kupeana mkono: Idi anakaa Masizi, Krismasi anakaa Ustadhi. Mambo yakaenda hivyo mpaka hakuna aliyekumbuka nani alianza kusema.

Mama Bosi, mwenye kiwanda hicho cha mikate, hakuwahi kuuliza. Yeye alikuwa na neno lake moja, na alilirudia kila alipopita kwenye joto lile akijipepea na kanga. "Siku hili dude likizima naleta la gesi. La gesi linawashwa na kidole kimoja. Nyinyi wawili mtajua pa kwenda."

Masizi akaweka trei chini.

"Mwanangu anabatizwa Krismasi asubuhi. Unajua. Nilikwambia."

"Uliniambia. Hongera. Si kuna Jumapili nyingine?"

"Padri kasema nimeshakosa mafundisho mara mbili. Nikikosa na siku yenyewe, basi. Baba ndiye anayeshika mshumaa."

"Na mimi binti yangu ana onyesho. Pale duka kubwa, kwenye uwanja wao. Yeye ndiye nyota."

"Nyota gani?"

"Nyota. Ile inayokaa juu. Kachaguliwa, watoto wote wa shule yao wamejaribu, kachaguliwa yeye. Ana maneno ya kusema."

Masizi akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Mtoto wako. Nyota ya Krismasi. Na mama yake kakubali?"

"Ndiye kashona gauni."

"Hiyo siku si yenu, Ustadhi."

Ustadhi akavuta sepetu nje. Mikate mitatu ilikuwa juu yake, imeiva vizuri. Akaimwaga kwenye meza bila kuitazama, akamwendea msichana wa krimu aliyekuwa pembeni anapamba keki, akamshika mabega na kumsogeza taratibu.

"Samahani, dada. Masizi, njoo. Nionyeshe mwenye siku yuko wapi hapa." Keki zilikuwa zimejaa meza nzima. Zote zimeandikwa SIKUKUU NJEMA. Zote zina kizee kinene chenye ndevu na kofia nyekundu. "Mimi naona kitambi. Naona theluji ya sukari. Huyo mliyesema kazaliwa simwoni. Hata jina lake hamjaandika. Sasa unaniambia si yangu. Hii ya kitambi ni ya yeyote."

"Msiniingize," msichana wa krimu alisema. "Mama Bosi ndiye aliyetaka. Kasema keki haina dini, kila mtu anunue. Toeni mikono yenu michafu."

Masizi akamnyang'anya mfuko wa krimu. Hakuwahi kuandika juu ya keki maisha yake yote. Akaanza na K kubwa kama mlango, akafuata R, akafuata I, na alipofika M keki ikaisha. KRISM, na krimu inashuka ukingoni.

Ustadhi akaiangalia. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hiyo sasa utaila wewe," msichana wa krimu akasema. "Na Mama Bosi akiuliza, nitamwambia ni nani."

Ustadhi hakucheka. Hilo ndilo lililomuudhi Masizi zaidi. "Nikuulize kitu, kaka. Kanisani unaenda lini? Mwaka jana nilikaa hapa na moto siku nzima kwa ajili ya dini yako. Jioni nikapita kwako na mkate. Nikakukuta kwenye kochi, kiatu kimoja kiko mguuni, kimoja sijui kiko wapi, redio inajiimbia. Ndiyo ibada niliyokuwa nakulindia?"

"Na wewe msikitini unaenda lini? Tunakuita Ustadhi kwa sababu hujawahi kumaliza hata sura moja."

"Ndiyo maana nasema usinitegemee. Tuko sawa."

Waliacha kuongea. Lakini kazi ya tanuri ni ya watu wawili, mmoja anaingiza, mmoja anapokea, kwa hiyo waliongea na vyombo. Trei zikawa zinatupwa. Mlango wa chuma ukawa unafungwa kwa teke. Ustadhi akiacha sepetu upande wa kulia, Masizi analihamishia kushoto, halafu Ustadhi analirudisha. Mikate ya wiki ile ilitoka na ngozi nyeusi upande mmoja, na wateja wakalalamika.

Mke wa Masizi akamwambia nyumbani, "Si umwambie Mama Bosi atafute mtu wa siku hiyo?"

"Nikamwambie nini? Kwamba tanuri lake limetushinda watu wawili wazima? Anangojea hilo tu. Kesho yake gari la gesi liko mlangoni."

"Basi muombe radhi mwenzako."

"Radhi ya nini? Nimemkosea nini? Wameshachukua miti, wamechukua nyimbo, wanaweka mpaka madukani. Sasa wanataka na siku yenyewe."

Mke wake alikuwa anamvika mtoto, akamgeukia. "Kina nani hao wamechukua? Huo mti wa plastiki hapo kautoa nani dukani? Si wewe?"

Masizi akatoka nje, akakaa barazani mpaka hasira zikapoa. Zilipopoa, akajikuta na wazo moja limebaki, na lilikuwa zuri, lilimpa usingizi: Ustadhi atakuja. Anajua ule ufa. Anaongea sana lakini moyo wake ni siagi juani, hawezi kuuacha moto ufe. Ataenda na kofia yake, atanung'unika, atafukua makaa. Wewe kaa kimya tu.

Mkesha wa sikukuu walifukia moto pamoja bila kutazamana. Ustadhi aliweka jivu, Masizi akafunga mlango. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alichukua koti lake na kushika njia yake.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Padri alipanda, akawaangalia kwa muda, akasema, "Nyuso nyingine nimezisahau. Karibuni tena mwakani." Watu wakacheka, na Masizi akacheka nao, halafu akaona padri hacheki. Mlangoni alikuwepo jamaa amevaa suti nyekundu na ndevu za pamba, anagawa peremende. Juu ya altare kulikuwa na nyota ya karatasi ya dhahabu. Shemeji yake alikuwa mbele na simu, anamwambia padri asogee kidogo, mwanga haujakaa vizuri.

Masizi akaanza kukasirika humo humo ndani, na hakujua amkasirikie nani. Alikuja kuichukua siku yake, sasa akiitazama anaiona ileile ya kwenye keki.

Wakamwita. Akashika mshumaa. Mtoto alimwagiwa maji wala hakulia, alikunja uso tu kama mtu aliyetukanwa na mkubwa wake. Padri akasema maneno, na kwa muda mfupi, pale mwali ulipokuwa umesimama wima mbele ya pua yake na mwanawe anamtazama kwa ukali, Masizi alisahau yote. Halafu nta ikamdondokea kidoleni. Akazikumbuka kuni. Saa hizi makaa yanataka kuni.

Atakuwepo tu, akajiambia.

Njia ya kurudi nyumbani inapita mbele ya duka kubwa. Uwanja ulikuwa umefurika, muziki unapiga, watu wa kila namna, wenye mabaibui, wenye vilemba, wenye misalaba shingoni, wasio na chochote, wote wanakula barafu za sukari. Jukwaani watoto walikuwa wamepanga mstari, na katikati yao, juu ya ngazi, msichana mdogo kwenye gauni la fedha alikuwa amenyoosha mikono. Alikuwa anasema maneno yake, na sauti yake nyembamba ilifika mpaka barabarani: kwamba anamulika njia, kwamba anayepotea amfuate yeye.

"Mzuri huyo," mama mkwe wake akasema.

Masizi hakumsikia. Alikuwa ameona mtu mbele ya jukwaa, kanzu imepigwa pasi, kofia nyekundu ya karatasi kichwani, anapiga makofi mikono juu kuliko wote. Ustadhi. Na Ustadhi, labda kwa sababu mtu akitazamwa sana mgongo unamwasha, akageuka. Akamwona Masizi na suti yake. Mikono ikabaki juu. Makofi yakakatika.

Walitazamana juu ya vichwa vya watu wote wale, na wote wawili walielewa kitu kilekile.

Walikimbia. Kiwandani walifika karibu pamoja, Masizi jasho limeshalowesha kola, Ustadhi kanzu kaishika magotini.

"Nilijua utakuja," Masizi akasema, anahema.

"Mimi ndiye niliyejua utakuja. Nilisema, huyu kanisa linamchosha mapema."

"Mkristo wa kochi, si ndivyo ulivyonifanya?"

"Na wewe ukaniona mtumishi wako. Fungua mlango."

Paka wa kiwandani alikuwa na mahali pake, juu ya magunia ya unga, mbali na moto, kwa sababu alishaungua masharubu akiwa mdogo. Leo juu ya magunia hakuwepo. Masizi akafungua mlango wa chuma, na ndani kabisa ya tanuri, kwenye jivu, macho mawili ya kijani yakamtazama. Paka alikuwa amejikunja palepale walipoyafukia makaa. Alipiga miayo. Hakuona sababu ya kutoka.

Ustadhi akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa matofali. Masizi naye akaingiza wake. Palikuwa na uvuguvugu wa mbali. Ubavuni, ufa ulikuwa umefunguka vya kutosha kupitisha ncha ya kidole.

"Kesho Mama Bosi anafungua," Ustadhi akasema.

"Najua lini anafungua."

Moto wa kwanza kwenye tanuri lililopoa hauwashwi kwa haraka. Ukiwa mkali, matofali yanapasuka. Unaanza na vumbi la mbao, vijiti, na mtu mmoja anakaa ubavuni mwa tanuri na sikio ukutani, akisikia mlio anapiga kelele, wa mbele anapunguza. Walikuwa wamelisikia hili kutoka kwa mzee aliyewafundisha kazi. Hakuna kati yao aliyewahi kulifanya.

"Kiberiti," Masizi akasema.

Wakatafuta. Kwenye rafu, kwenye droo za krimu, mifukoni. Kwenye mfuko wa suti Masizi alikuta mshumaa wa ubatizo, umezimika, utambi mweusi. Akaurudisha. Kiwanda kizima hakikuwa na kiberiti. Nani angekinunua, na moto haukuwahi kufa?

Ustadhi akatoka. Alikaa kidogo. Aliporudi alirusha kiberiti kifuani kwa Masizi.

"Umetoa wapi?"

"Mzee wa Krismasi. Yuko nyuma ya duka, ndevu kazishusha shingoni, anavuta sigara. Kasema nimrudishie."

Masizi alitamani kucheka, akajizuia. Akamtoa paka kwa shingo. Akavua koti la suti, akapiga magoti, akapanga vijiti. Ustadhi akazunguka ubavuni, penye ufa, kofia ya karatasi bado kichwani, hakuna aliyemwambia.

"Pole pole," sauti ya Ustadhi ikatoka upande wa pili, kupitia ufa. "Usijifanye unajua."

"Wewe sikiliza. Kazi yako kusikiliza."

Njiti ikawaka. Vumbi la mbao likashika, likatoa moshi, likashika tena. Masizi akalala chini na shavu sakafuni, anapuliza kidogo kidogo. Kwenye ufa, mahali ambapo wangepitisha kidole, aliona kitu cheusi kimeziba mwanga. Lilikuwa sikio. Matofali yakatoa mlio mdogo, kama mfupa wa kidole unapolia.

Wote wawili wakaacha kupumua.