Kigae Chenye Mayai

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tano. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha kidogo tu, ya kulaza vumbi na kuwaudhi waliokwisha kuanika nguo, kisha jua likatoka kama halikuhusika. Fundi vigae hakuona mvua wala jua. Alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya tangi la kioo, pua inakaribia kugusa kioo, akitazama mayai ya samaki wake.

Jana yake jioni yalikuwa na rangi ya asali. Leo yote yalikuwa meupe, na ukungu umeanza kuyaota kama pamba. Ilikuwa mara ya sita.

"Tena?" aliuliza mkewe kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Ni maji. Mvua hii imebadilisha maji."

"Mwezi uliopita ulisema ni joto. Kabla ya hapo ulisema ni mimi na ufagio wangu."

"Ulikuwa unafagia kwa nguvu."

Mkewe alimaliza chai yake, akaenda kuuchukua ufagio.

Samaki wake walikuwa machotara, wale waliochanganywa aina hii na ile mpaka wakatoka na rangi ya moto na nundu kubwa kichwani. Dume lake alimwita Bwana Nundu, na hakukuwa na nundu kama ile katika mji mzima. Lakini machotara wa namna hiyo wana shida yao. Majike hutaga vizuri tu. Madume wengi mbegu zao hazina uhai. Dume hulinda kiota, hufukuza maadui, hupita juu ya mayai akitetemeka, hufanya kazi zote za baba isipokuwa ile yenyewe. Fundi alilijua jambo hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni katika kikundi cha wafugaji wa samaki, na kwa sababu hiyo walimwita Profesa. Ila alilijua kwa samaki wa watu wengine. Bwana Nundu alikuwa wake.

Angeweza kuvumilia yote hayo kama si mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa kinyozi. Miaka miwili nyuma hakujua hata kubadilisha maji. Fundi ndiye aliyempa tangi la kwanza, akamfundisha chujio, kipimajoto, chakula cha asubuhi na cha jioni, akamkatia vipande vya vigae vya kahawia vilivyobaki kazini ili samaki wapate pa kutagia, kwa kuwa hupenda kutaga kwenye kitu laini kilicholala. Wakanunua majike siku moja, duka moja, ndugu wawili. Kinyozi alipokosa dume mwenye nundu, mteja mmoja akampa samaki wa kawaida kabisa, mdogo, mwenye mistari myeusi ubavuni. Akamwita Pundamilia. Siku hiyo fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

Pundamilia akazalisha. Akazalisha tena.

Kila Jumamosi fundi alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi kumsafishia mdogo wake tangi, maana ndiye aliyeanza desturi hiyo na aliona aibu kuiacha. Siku hiyo alifika na ndoo, mpira wa kunyonyea maji na mfuko wa vifaa. Alikuta mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Kaka! Afadhali umekuja," kinyozi alisema kwa furaha. "Wametaga tena juzi. Angalia, macho yameshaanza kuonekana ndani ya mayai!"

Fundi aliangalia. Vinukta vyeusi, mamia, viwili viwili. Roho ilimuuma kama jino.

"Hongera," alisema, na akatoa kicheko cha jino pembe.

"Profesa," mteja aliita kutoka kitini, "wako wamefikia wangapi?"

"Wangu bado wanajipanga."

"Mwaka wa pili wanajipanga? Hao wanajenga ghorofa."

Mteja alicheka. Kinyozi naye alicheka, kisha alipouona uso wa kaka yake akakohoa na kurudisha mashine kichwani mwa mteja. Kwa fundi, kukohoa kule kwa huruma kulikuwa kubaya zaidi. Kudhihakiwa alikuwa amezoea. Kuhurumiwa na mtu aliyemfundisha kushika wavu, hapana.

Mteja alipoondoka, kinyozi alitikisa chupa ya spiriti, akaona imekwisha.

"Kaka, niangalizie hapa dakika tano, nivuke mpaka duka la dawa."

Zilitosha dakika mbili. Ndani ya mfuko mlikuwa na kipande cha kigae cha kahawia, pacha wa kile kilichokuwa ndani ya tangi, vyote vimetoka kazi moja. Ndoo ilikuwa tayari na maji ya tangi lile lile. Fundi alizamisha mkono, akatoa kigae chenye mayai, akakilaza ndani ya ndoo, akaweka kipya mahali pake, akafunika ndoo kwa kitambaa. Pundamilia alimgonga kidole mara mbili, kwa hasira ya baba. Kinyozi aliporudi alimkuta kaka yake anasugua kioo kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Mungu akubariki, kaka."

Fundi alibeba ndoo yake, akatoka.

Nyumbani alitupa mayai yake meupe, akaweka yale ya wizi. Jike alikizunguka kigae, akakinusa, kisha akaanza kuyapepea mayai kwa mapezi kama aliyataga mwenyewe. Jioni, mume na mke walipokaa kusali kabla ya chakula, mke alisali na mume akasubiri zamu yake. Ilipofika, alisema amina tu, akavuta sahani.

"Umechoka?" mkewe aliuliza.

"Kidogo."

Simu ikaita. Alikuwa kinyozi, sauti imemwisha.

"Kaka, wamekula mayai yote. Kigae kitupu, kama hakijawahi kutagiwa."

Hapo fundi angeweza kunyamaza tu. Lakini wivu ukishapewa kiti hutaka na mto. Akamjibu kwa sauti yake ya kufundishia:

"Huyo ni dume. Dume akishaonja mayai haachi tena. Mwondoe."

"Pundamilia? Kweli?"

"Mimi nakuambia."

Kinyozi hakuwahi kumbishia kaka yake katika mambo ya samaki. Kesho yake Pundamilia alipelekwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa daktari wa meno, akawekwa kwenye tangi la chumba cha kungojea, peke yake na majani ya plastiki.

Mayai yakaanguliwa. Baada ya juma moja vifaranga walikuwa wakiogelea kwa kundi, kijivu, wembamba kama vipande vya uzi. Fundi aliwatangaza. Kikundi kizima kikastaajabu: chotara dume mwenye uzazi! Mwenyekiti wao, mfamasia mstaafu waliyemwita Mama Chujio kwa jinsi alivyokagua kila neno kabla ya kulipitisha, alipanga waje kumwona Bwana Nundu kwa macho yao.

Kisha, juma la nne, fundi aliona vivuli ubavuni mwa vifaranga. Akasema ni kivuli cha majani ya tangini. Akayang'oa majani. Vivuli vikabaki. Akapunguza taa. Juma la tano haikuwa tena suala la taa. Aliyeshika mwiko miaka ishirini na miwili, aliyejua kuuona mstari uliopinda kwa unene wa unywele, alisimama mbele ya mistari iliyonyooka kabisa na kujiambia haioni. Akampigia Mama Chujio kusema ana homa.

"Pole," alijibiwa. "Hatuji kukuangalia wewe, tunakuja kuangalia samaki."

Walikuja Jumamosi saa nne, watu saba, kinyozi akiwa wa mwisho kuvua viatu. Mke wa fundi aliwasha taa ya tangi mwenyewe. Mama Chujio alivaa miwani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Fundi, watoto hawa wana mistari."

"Itafutika wakikua."

"Bwana Nundu hana mstari hata mmoja."

"Labda wamefanana na babu," mtu mmoja alisema.

"Au muulizeni mama mtoto alikuwa wapi!" mwingine alidakia, na sebule ikalipuka kwa kicheko.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mahali pale pale ambapo kaka yake hupiga, pua karibu na kioo. Alikuwa ameangalia mistari ile kila asubuhi mwaka mzima akiwanyoa watu. Aliijua kama mtu anavyojua mwandiko wa nyumbani kwao. Akageuka polepole.

"Kaka," alisema. Hakuuliza juu ya mayai. Hakuuliza juu ya zile dakika tano. Aliuliza: "Kwa hiyo Pundamilia nilimfukuza bure?"

Kicheko kikafa. Fundi alitafuta uongo, na kwa kweli aliuona mmoja, mzuri tu, umekaa tayari. Kisha akaona jinsi mdogo wake alivyomkazia macho, akingoja kuambiwa, tayari kuamini tena. Hilo ndilo lililomvunja. Ndani ya moyo wake, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, aliomba, neno moja tu: nisaidie.

"Bure," alisema. "Hakula kitu. Niliiba kigae mimi, ulipokwenda kununua spiriti."

Mkewe alikaa chini. Kinyozi alibaki kwenye magoti.

"Kwa nini? Ungeniomba ningekupa. Ningekupa hata dume."

"Ndiyo maana sikuomba. Nilikuonea wivu. Nilitaka uendelee kuniuliza mimi."

"Na mimi niliendelea kukuuliza!" Kinyozi alisimama, machozi yamemjaa. "Nilikuuliza, ukaniambia nimwondoe!"

Hakuna aliyejua pa kutazama, wakatazama samaki. Fundi alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu," kinyozi alimwambia. "Mama Chujio hasikii vizuri upande huo."

"Nasikia," alisema Mama Chujio, "lakini aseme kwa nguvu."

Fundi akanyoosha mgongo, mikono imemlegea ubavuni, akasema mpaka jirani aliyekuwa akianika nguo nje akageuka: "Mbele yenu nyote, na Mungu ananisikia. Vifaranga hawa ni wa mdogo wangu na leo hii wanaondoka naye. Jumatatu asubuhi, kabla sijashika mwiko, nitakwenda kwa daktari wa meno, nitamweleza mbele ya wagonjwa wake wote kwamba samaki yule alisingiziwa na aliyemsingizia ni mimi, nitamwomba anirudishie, nami nitambeba Pundamilia kwa mikono yangu mpaka kwao."