Plastiki Iliyonyamaza

Mama hakufurahi nilipomwambia kwamba mashine yetu ingeweza kuifungua barua ya babu. Nilidhani angeshukuru. Badala yake aliweka sufuria chini, akainama mbele ya meko, chini ya ile kamba tupu iliyokuwa imefungwa pale tangu Krismasi.

"Nani alikutuma uongee mbele ya wazee?"

Hakuna aliyenituma. Mimi ni mtu wa kunyamaza mikutanoni. Lakini siku ile barazani Naro Moru, wazee walipoigeuza barua huku na huku na kusema mstari wa mpaka hausomeki, maneno yalinitoka. Tangu baba afariki, ndugu yake Wahome alikuwa akidai kwamba shamba lote ni lake. Kinga ya mama ilikuwa barua hiyo moja, ya mwaka 1974, miaka kumi na nne nyuma, yenye alama ya kidole gumba cha babu. Tangu utotoni nilikuwa nikiiona ukutani, mahali jua la jioni lilipoingia. Ilifunikwa plastiki pande zote mbili katika studio ya Abdulkadir mjini Nyeri, na sasa plastiki ilikuwa kahawia kama chai ya rangi. Kuibandua kungeng'oa wino. Kuiosha au kuikwaruza wazee walikataza. Basi nikasema kuna mwanga unaoweza kuila plastiki bila kuigusa karatasi. Wakaitia barua ndani ya bahasha, wakaifunga kwa lakiri, na siku ikapangwa.

Nilifanya kazi katika maabara ya chuo cha ufundi, nje kidogo ya Nyeri. Mwalimu Shee, mzaliwa wa Majengo hapo hapo mjini, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo akaunda leza ya urujuanimno kwa mabati, nyaya na mtungi wa naitrojeni. Mwanga wake hauonekani, wala hautoki mfululizo kama wa tochi. Unatoka kwa mipigo, na kila mpigo unakwisha kabla hujawaza kupepesa jicho. Mpigo ukiwa hafifu, plastiki inapata joto kidogo, basi. Ukipita kiwango fulani, minyororo ya molekuli za juu inakatika yote kwa pamoja, na utando mwembamba kuliko unywele unaruka kama vumbi kabla joto halijashuka chini. Mpigo mmoja, utando mmoja. Mimi nilibonyeza swichi, nikahesabu, nikaandika.

Sharti ni kwamba plastiki iumeze mwanga ule. Plastiki iliyozeeka juani huumeza vizuri. Ile angavu huupitisha kama dirisha, na kilicho chini yake ndicho kinachoungua.

Jumatatu asubuhi mama na Wahome walifika, kila mmoja kwa matatu yake. Mama alikaa karibu na mlango, kiondo chake cha kusukwa mapajani. Alikataa chai ili asikiweke chini. Baba mdogo Wahome aliizunguka mashine mara mbili.

"Mama Murugi, binti yako ndiye anashika hii kitu. Ati mimi nikae tu niangalie?"

"Kaa uangalie, Wahome. Si uko na macho?"

"Niko nayo mawili." Akamgeukia Mwalimu Shee. "Inaweza kuandika?"

"Haiwezi, mzee wangu. Inajua kutoa tu, haijui kuongeza."

"Panya pia hajui kuongeza, na bado simwachii gunia."

Akatoa mfukoni kadi yake ya ushirika wa pareto, nayo ya kahawia. "Anzeni na hii. Ilipigwa plastiki kwa Abdulkadir huyo huyo, mwaka huo huo. Nilikuwa na mzee siku hiyo."

Nilimshuku. Mtu haji na kadi ya zamani mfukoni bila sababu. Nilimtazama mama anisaidie, lakini alikuwa akitazama sakafu, na hilo nalo likanisumbua.

Mwalimu aliiweka kadi chini ya lenzi. Nilibonyeza. Ta, ta, ta, ta: sauti ndogo, kama mbegu zikipasuka kikaangoni, na kila sauti na kivumbi chake. Doa lilikuwa dogo kuliko punje ya wimbi. Sauti haikubadilika tangu mwanzo. Kwenye mpigo wa mia mbili na themanini Mwalimu alinizuia. Ulikuwa umebaki utando mmoja, na chini yake kipande cha herufi kikionekana wazi, wino mzima. Wahome alichungulia kwenye darubini, akaguna.

Kisha tukavunja lakiri ya bahasha ya wazee, tukaiweka barua ya mama.

Ta, ta, ta. Harufu ya moshi ikapanda. Ta, ta. Halafu kimya. Namba kwenye kihesabio ziliendelea kupanda, kumi na mbili, kumi na tatu, lakini hakukuwa na sauti wala vumbi. Nikaondoa kidole.

"Mbona imenyamaza?" Wahome akauliza.

Mwalimu Shee aliinama kwenye darubini, akakaa hapo muda mrefu. Aliponyanyuka hakumtazama Wahome, alinitazama mimi. "Murugi ndiye mwenye daftari. Muulize yeye."

Nilichungulia. Kahawia ilikuwa juu tu, kama ukoko wa uji. Chini yake plastiki ilikuwa angavu kama maji. Kadi ya Wahome ilikuwa kahawia hadi chini, kwa miaka kumi na nne ya jua. Na harufu ile niliijua, ya kuni za jikoni kwetu. Kamba ile juu ya meko, mama aliniambia ni ya kukaushia mahindi. Sikuwahi kuona hata hindi moja juu yake.

Kidole changu kilikuwa bado karibu na swichi. Ningebonyeza tena, mwanga ungepita kwenye plastiki ile angavu na kuuchoma wino. Mstari wa mpaka ungetoweka. Lawama ingekuwa ya mashine, na hakuna ambaye angejua lolote kuhusu mama. Mwalimu alijua ninachofikiri.

"Plastiki hii ni mpya," nikasema. "Rangi yake ni ya moshi."

Wahome aliruka kutoka kitini. "Nilijua! Nilijua mimi!"

"Ngoja, baba mdogo. Barua ya kweli ipo, nimekua nikiiona ukutani. Mama, ile nyingine iko wapi?"

Mama akaingiza mkono ndani ya kiondo, chini ya viazi, akatoa pakiti ya unga iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya kahawia, kona moja imeliwa na panya.

"Ilianguka mwaka jana, ikavunjika kama biskuti. Nani angeamini vipande? Nikaenda kwa mwandishi wa barua pale sokoni anakili, nikaitia plastiki mpya. Maneno ni yale yale."

"Na kidole ni cha nani?" Wahome akauliza.

Mama alificha kidole gumba ndani ya ngumi.

Tulikiweka kipande chenye mstari wa mpaka chini ya lenzi. Kilikuwa kahawia tupu. Ta, ta, ta, ta, bila kunyamaza hata mara moja. Tulikisogeza doa baada ya doa hadi saa tisa alasiri, Wahome akinipumulia shingoni. Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti: shamba la mke wa mwanangu, kutoka barabarani mpaka kwenye mti wa mugumo.

Akachukua kitambaa chenye sabuni, akaufuta moshi kwenye ile barua mpya. Mpaka mtoni, ilisema, na mto uko mbali kupita mugumo.

"Mugumo, Mama Murugi. Si mto."

"Haikuwa inasomeka. Mimi nilikumbuka mto."

"Na mimi nilikumbuka hakuna barua," Wahome akasema, kisha akaufunga mdomo wake kana kwamba neno limemponyoka.

Niliandika yote daftarini: mipigo ya kila doa, na ile kumi na tatu pia. Mwalimu Shee alitia sahihi. Barua zote mbili ziliingia katika bahasha moja ya wazee, ikafungwa kwa lakiri upya. Mama aliikagua lakiri, kisha akampa Wahome naye aikague.

Nilimsindikiza mama hadi getini.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inaona hata ndani ya watu?"

"Hapana, Mama. Ni plastiki tu."

"Afadhali."

Nilinyoosha mkono nimpokee kiondo. Akakihamishia bega la pili, akavuka barabara.